Sauti ya Jibini Nyuma ya Ukuta

Mwezi uliopita mume wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na kipande cha jibini gumu la Kitaliano, kimebanwa kwenye plastiki utadhani sabuni ya mche. Alikuwa ameona kwenye simu watu wanalikwangua juu ya tambi, basi na yeye akaona nyumba yetu ya Ngokolo, hapa Shinyanga, isibaki nyuma. Sikumcheka. Nilichana ile plastiki, nikalinusa jibini pembeni, nikaligonga kwa mpini wa kijiko nikasikiliza, nikalifunga kwenye karatasi ya kaki na juu yake kitambaa cha pamba, nikaliweka chini kabisa kwenye friji, mbali na samaki. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. "Mama Kulwa, haya umejifunzia wapi?" Nikamwambia, kwa bibi yangu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi wa kijijini Mhunze na jibini la Kitaliano, wapi na wapi! Nikamwacha acheke. Miaka yote hii ya ndoa sijamsimulia, na sasa naona nianze kwako wewe, maana nikianza kwake nitalia.

Nililelewa Geita, Kalangalala, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba mgongo kwa mgongo. Kuta zake zilikuwa za tofali mbichi zilizopigwa lipu, hazikufika mpaka kwenye bati, kwa hiyo kikohozi cha jirani kilikuwa kikohozi chako. Ukikaanga dagaa, mtaa mzima unajua. Ukigombana na mumeo, kesho yake unapewa ushauri kisimani. Baba yangu simkumbuki. Tulikuwa mimi, mama, na bibi mzaa mama, aliyekuja kutusaidia baada ya babu kufariki. Bibi alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye macho mekundu kwa sababu ya miaka mingi ya kupuliza moto wa samadi kavu. Wewe kama umekulia Usukumani unajua macho mekundu ya kikongwe yana maana gani kwa watu wajinga, na kama hukukulia huko, subiri kidogo.

Mama alikuwa mpishi. Alikuwa na kibanda cha chakula, na ugali wake ulikuwa na sifa mpaka kwa wachimbaji wa mbali, wale wanaotoka kwenye maduara ya dhahabu wamejaa vumbi mpaka kope. Kisha wakaja mafundi wa mitambo, Wataliano, waliokuja kufanya kazi za mkataba mgodini. Yule mzee wao alipita siku moja, akala maharage ya mama, akarudi kesho yake na wenzake. Wiki hiyo hiyo walimletea tambi zao, chupa ya mafuta ya zeituni na boksi la jibini, wakamwomba awe anawapikia mchana na awatunzie vitu vyao. Mama alikubali kabla hawajamaliza kusema. Kwa hela ile nilinunuliwa viatu vya shule vya kufunga kamba, na chumba cha pili kikapangwa, tukaacha kulala watatu kitanda kimoja.

Kulitunza lile jibini ikawa kazi ya bibi, na aliifanya kwa wivu. Siku ya kwanza alilizungusha mkononi, gumu, la rangi ya majani makavu, lina ganda lenye vinukta vilivyochapwa, akauliza kama ni jiwe la kunolea visu. Yule mzee fundi akamkatia kipande. Bibi akakitafuna taratibu, akafumba macho, akasema kwa Kisukuma kwamba haya ni maziwa ya ng'ombe aliyekula vizuri, na yaliwekwa muda mrefu na mtu mwenye subira. Bibi yangu alikulia kwenye maziwa. Alisuka maziwa kwenye kibuyu tangu akiwa mdogo, akachemsha samli, akajua ya leo na ya juzi kwa pua tu. Kwa hiyo hakuliogopa. Alicholalamikia ni bei tu, alipoambiwa.

Akajifunza haraka. Boksi likija, anavipanga vipande juu ya mkeka na kuvigonga kimoja kimoja kwa kijiko, sikio limeinama. Chenye sauti kavu, ya kujaa, kinakaa. Chenye sauti ya kufa kina ufa ndani, hicho kinaliwa kwanza. Anavunja ukingo kidogo kuangalia kama kuna zile punje nyeupe zinazolia chini ya meno, maana jibini lililokomaa linazo. Kulikuwa na la ng'ombe na kulikuwa na la kondoo, jeupe zaidi, lenye chumvi kali, na bibi aliyatenga yasije yakaambukizana harufu. Plastiki alikataa kabisa. "Linatoka jasho, ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu. Alilifunga kwa karatasi, kisha kitambaa, akalilaza ndani ya chungu, na chungu akakizika nusu kwenye mchanga wenye unyevu kwenye kona yenye giza ya chumba cha pili. Umeme ukikatika siku nzima, friji za watu zinaozesha nyama, jibini letu halina habari.

Na kulikwangua je! Kikwangulio cha dukani hakikumpendeza, akatoboa kipande cha bati la debe kwa msumari, akakipigilia kwenye ubao. Hakukwangua zaidi ya linalotosha chakula cha siku hiyo, maana alisema unga wa jibini ukilala harufu inaondoka zake. Alifunga mlango na dirisha kwanza, kwa sababu malori ya mchanga yalipita barabarani mchana kutwa na vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye meno. Halafu anakaa chini, ubao kati ya magoti, anaanza. Kra, kra, kra. Unga mweupe wenye umanjano unashuka kwenye sinia. Mimi nilikaa karibu nikisubiri punje zinazoruka. Maganda hakutupa, aliyaweka kwenye kopo na kuyatumbukiza kwenye maharage, nayo yakilainika yanakuwa matamu, acha tu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya chumba kilichofungwa, joto, harufu ile, na bibi akiimba kwa pua. Naisema furaha hiyo sasa kwa sababu haikukaa.

Upande wa pili wa ukuta aliishi jirani yetu, mwanamke mwenye mikono mepesi, msusi. Alikuwa mtu wetu. Chumvi yetu ilikuwa yake na kaa lake la moto lilikuwa letu. Kila Jumamosi alinisuka bure, akinipiga vikofi vya mapenzi begani nikitikisika. Mume wake alikuwa na duara na wenzake, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu, na kwa muda mrefu duara hilo lilikuwa halitoi kitu. Walizama asubuhi, wakapanda jioni na mifuko ya mawe, mawe yakapelekwa kusagwa, na yakishasagwa na kuoshwa yanabaki kuwa mawe tu. Mtu akikosa namna hiyo mwezi baada ya mwezi, anaanza kutafuta nani amemfunga. Wenzake wakamsindikiza kwa mganga. Mganga akawaambia wanachosema waganga siku zote: kuna mtu karibu yenu anawazuia.

Sasa ngoja nikukumbushe miaka ile ilivyokuwa, usije ukadhani nakutungia hadithi. Watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa. Waganga waovu walikuwa wamewadanganya wachimbaji kwamba mifupa ya watu hao ikisagwa na kunyunyizwa shimoni, dhahabu inakuja. Redio ilitangaza, sisi watoto tukazimiwa redio. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na ualbino. Alikuwa mpole, mcheshi, ana kofia pana ya ukindu na shati la mikono mirefu hata kwenye joto, na alitufundisha hesabu kwa kutumia njugu mawe ambazo mwisho wa kipindi tulizila. Lakini hakutembea peke yake. Asubuhi walimu wenzake walimpitia, mchana walimrudisha, na nyumba yake iliyokuwa nyuma ya shule iliwekewa geti la chuma. Sisi tulimpenda tu, hatukuwa na akili ya kujua anaishije.

Kwa hiyo fikiria. Kikongwe mjane mwenye macho mekundu, yale ambayo wajinga huyaita macho ya mchawi. Mlango umefungwa mchana, dirisha limefungwa. Na kupitia ukutani, kitu kigumu kinakwanguliwa.

Ilianza kichwa changu kikiwa mapajani kwa jirani. Alikuwa amemaliza upande mmoja, mistari imenyooka vizuri, na kule kwetu bibi akaanza. Kra, kra. Mikono ya jirani ikasimama kwenye nywele zangu.

"Bibi yako anasaga nini kila siku?"

"Jibini," nikasema.

"Jibini ndiyo nini?"

"Ni maziwa."

Nikasikia pumzi yake juu ya utosi wangu. "Maziwa yanasagwa?" akauliza. Nikajibu ndiyo, yanasagwa, na maganda yanapikwa kwenye maharage. Nilikuwa najivunia, unajua, mtoto anayejua kitu ambacho mkubwa hajui. Jirani akanisukuma taratibu nikakaa wima. Akasema amekumbuka ana nguo za kuanua. Jua lilikuwa kali na kamba ilikuwa tupu. Nilirudi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, mama akacheka, bibi hakucheka. Akaniuliza jirani kasema nini. Nikamweleza. Bibi akaweka ubao chini, akanimalizia nywele mwenyewe kwa mistari mikubwa mibaya, na siku hiyo hakuimba tena.

Baada ya hapo mtaa ukaanza kupoa. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali. Watoto waliokuwa wakinipitia asubuhi twende shule sasa walipita upande wa pili wa barabara. Bibi akikaa barazani, wanawake waliokuwa wakisimama kumsalimia sasa wanapita wakitazama miguu yao, na shikamoo ya watoto ikakatwa katikati na mama zao. Kijana muuza maji akawa anayashusha madumu mbali na mlango na kutuacha tuyaburute wenyewe. Mama alimshika shati siku moja akamuuliza kuna nini. Kijana wa watu akajaribu kujinasua. "Mama, mimi sijui. Wanasema mnasaga mifupa." Mama akacheka kwa mshangao, kisha akaona kijana hacheki. Aliingia ndani akakaa kitandani, na ile rangi ya uso wake sijaisahau.

Mama alikwenda kwa jirani kumweleza. Alichukua kipande cha jibini kwenye sahani, akafunika na kitambaa, kama unavyopeleka chakula kwa mgonjwa. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta huohuo. Mama alieleza polepole, Wataliano, maziwa, tambi. Jirani alisikiliza. Mwisho akasema, "Mwenzangu, lisemwalo lipo, kama halipo laja." Sahani ilirudi kitambaa hakijafunuliwa.

Mama akataka kazi ile iachwe. Bibi akakataa. Nakumbuka alivyokaa, miguu imenyooka mbele, akisugua magoti yake. "Nikiacha leo watasema niliacha kwa sababu wamenishtukia," akasema. "Mimi nakwangua maziwa. Nitaendelea kukwangua maziwa." Mama akasema basi fungua mlango, mama, waone. Bibi akafungua mlango kesho yake. Hakuna aliyesogea kuangalia. Kila aliyepita alikaza mwendo. Kwao mlango uliofunguliwa ulikuwa dharau, kwamba sasa hata hajifichi.

Kisha ukuta wa duara la mume wa jirani ukaporomoka. Mvua ilikuwa imenyesha, magogo ya kushikilia udongo yalikuwa yameoza, kila mchimbaji angekueleza sababu yake ukimuuliza siku ya kawaida. Walimtoa mume wa jirani mzima, amevunjika mkono. Mdogo wake walimtoa amekufa. Nilisikia kilio cha jirani kupitia ukuta, na kati ya kilio na kilio alikuwa anataja jina la ukoo wa bibi yangu.

Walikuja Jumamosi, saa za asubuhi, msiba haujaanuliwa. Kwanza filimbi za sungusungu, ulinzi wetu wa mtaani, zikiitikiana kutoka kona hadi kona. Mama akajaribu kumpigia simu yule mzee fundi, haipatikani. Uwanja ulijaa kabla sijavaa kandambili. Wanaume wenye marungu mbele, wanawake nyuma, na watoto niliosoma nao wameshika sketi za mama zao. Kamanda wa sungusungu alikuwa mteja wa mama, mtu wa kula ugali pale kibandani na kuomba mchuzi wa nyongeza. Siku hiyo hakumtazama mama machoni. Akasema, "Mama, hatutaki ugomvi. Tunataka kuona kinachosagwa humu."

Bibi alitoka mwenyewe. Alibeba sinia la unga wa jibini uliokuwa umekwanguliwa asubuhi ile, akaliweka chini kwenye jua. Vijana wawili wakaingia ndani, wakachimbua chungu kwenye mchanga, wakatoka nacho. Chungu kilichozikwa, ndani yake vitu vigumu vimefungwa sanda! Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyopiga kelele, sanda. Kilikuwa kitambaa cha bibi cha pamba. Halafu wakaleta kopo la maganda, wakayamwaga karibu na sinia. Yalikuwa makavu, ya manjano, yamejipinda, mengine yana vile vinukta vya kuchapwa. Watu wakarudi nyuma hatua nzima, wote kwa pamoja, na mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti.

Na hapo mama yangu, maskini, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Akachota unga ule kwa kiganja, akautia mdomoni, akatafuna mbele yao. "Tazameni! Ni chakula! Nakula!"

Hujasikia mngurumo ule. Mama alidhani anaonyesha kwamba ni chakula. Wao walichokiona ni mwanamke anakula mifupa ya mtu, hadharani, bila haya. "Anakula! Wanakula kabisa!" Jiwe la kwanza lilipiga mlango. La pili lilipita karibu na sikio la bibi, naye hakusogea hata kope, alisimama tu na mikono yake miwili imeshikana kifuani. Kamanda alipiga filimbi watulie na wakatulia kidogo, lakini alikuwa amerudi nyuma na yeye. Niliona anatazama pembeni. Mtu mkubwa akitazama pembeni namna hiyo, ujue anajiandaa kutoona. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua bibi yangu atauawa.

Nikakimbia. Usiniulize kwa nini nilikwenda huko nilikokwenda, kichwa cha mtoto kina njia zake. Nilipita chini ya mikono ya watu, nikakata kwenye uwanja wa shule, nikalipiga geti la chuma la mwalimu kwa ngumi mpaka likafunguliwa upana wa jicho. Nilieleza nikiwa nahema, maneno yametangulia na machozi yanafuata. Mwalimu akafungua geti akachuchumaa mbele yangu.

"Una hakika ni jibini?"

"Nimelila mwenyewe, mwalimu. Kila siku nalila."

Alinitazama kwa muda. Sasa nikiwa mkubwa ndipo ninapoelewa alikuwa anapima nini, na kwamba cha kupimia alikuwa na neno la mtoto wa miaka tisa tu. Kisha akaingia ndani akachukua kofia yake. Hakumngoja mwenzake yeyote. Tulitembea mimi na yeye, mkono wangu mkononi mwake, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

Umati ulimpisha. Nadhani walishtuka. Wengi wao hawakuwahi kumwona karibu hivyo. Alimwamkia bibi kwanza, shikamoo bibi, kwa sauti ya darasani, na bibi akaitika marahaba mwanangu, sauti imekatika. Halafu akawageukia.

"Nasikia kuna mifupa hapa," akasema. "Ni ya nani?"

Waliokuwa mbele wakatazama maganda.

"Semeni basi. Ni ya mtu wa namna gani? Jamani, si ya watu kama mimi? Mnaogopa kunitajia?" Akavua kofia, jua lile lote likampiga usoni, akaikunja mkononi. "Basi mwenye haki ya kuogopa hapa ni mimi."

Akachuchumaa, akachota unga, akautia mdomoni. Akatafuna. Akachukua na kipande, akakivunja kwa meno, akakaa anatafuna kipande hicho kwa muda mrefu, nasi wote tunatazama taya zake. Akameza. "Lina chumvi," akasema. Akampelekea kamanda kipande kwa mkono wake mwenyewe, akakishikilia pale mpaka kamanda akalazimika. Kamanda akagusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote, akatema pembeni. "Khaa! Linanuka miguu!"

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Halafu uwanja wote ukacheka, marungu yakashuka, watoto wakaanza kusukumana kuomba kuonja. Kuna mzee alisema nyumbani kwao wangempa mbwa na mbwa angekataa. Mama alikaa chini vumbini, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilidhani yamekwisha.

Jirani hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na ukuta wetu, khanga ya msiba imefungwa kiunoni, na watu walipoanza kutawanyika alisema, si kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka: "Leo wametoa jibini. Nani ameona walichoficha?" Wawili watatu walimsikia. Niliona wanavyopokea yale maneno, wakayabeba, wakaondoka nayo.

Mama naye alisikia. Jumapili alfajiri tulimpandisha bibi basi la kwenda Shinyanga, na kaka yake akampokea huko kumpeleka Mhunze, kwenye ukoo wake. Hakuna mtu mtaani aliyetoka kumuaga. Bibi aliacha ubao wake na bati lake mlangoni. Mama alivichoma siku hiyohiyo, kisha akawarudishia Wataliano boksi lao na kuwaambia watafute mpishi mwingine, na yule mzee fundi alisimama pale na boksi mikononi akiuliza amekosa nini, mama hakuwa na Kiingereza cha kumweleza. Mwalimu naye aliomba uhamisho kabla muhula haujaisha. Alikuwa amesimama mbele ya mtaa mzima bila kofia, na baadaye kuna watu wasiojulikana walionekana wakiulizia analala nyumba ipi. Sikupata kumuaga. Nimemtafuta nikiwa mtu mzima, kwa shule alizopita na kwa watu wa chuo chake, sijampata, na wakati mwingine naogopa kuendelea kumtafuta.

Jirani tuliishi naye ukuta mmoja mwaka mzima baada ya hapo. Tulisalimiana. Watu husema wakati unaponya, na mimi nasema waseme wao; sijamsamehe, na hata nikifikiria mdogo wa mumewe alivyokufa kijana vile, bado sijamsamehe. Nyumba yenyewe sasa haipo. Pamejengwa nyumba ya wageni ya ghorofa, ina vioo vya bluu, na wanaolala humo hawasikii hata televisheni ya chumba cha pili.

Bibi aliishi miaka mingi Mhunze. Nilikuwa napelekwa huko likizo, na mara ya kwanza sikumtambua kwa namna alivyokuwa akifanya kazi. Bibi niliyemjua Kalangalala alikuwa mchoyo wa karanga, kweli kabisa, alikuwa anazihesabu kwa macho hata kwa mjukuu wake. Kule Mhunze alitoa kinu chake nje, akakiweka ukingoni mwa barabara ya vumbi, jua la saa sita, bila kivuli. Akawa anatwanga hapo. Kila aliyepita, mtoto, mwendesha baiskeli, mwanamke na kuni zake, alimwita kwa sauti: "Njoo uone! Ni karanga! Njoo uonje, ni karanga tu!" Hakuanza kutwanga tena mpaka huyo mtu awe amesogea, ameangalia ndani ya kinu, ameramba kidole. Akitwanga mihogo ni hivyohivyo, akisaga mtama ni hivyohivyo. Mama alimwomba aingie ndani, jua litamuua. Alikataa mpaka siku ambazo hakuweza tena kunyanyua mchi.

Tulipomzika, walikuja watoto wengi ajabu, wengine nisiowajua kabisa, wakasimama kwenye mistari na sare zao za shule. Msichana mmoja mkubwa alipewa nafasi aseme neno. Akasema bibi wa karanga alikuwa mtu mkarimu kuliko wote Mhunze, hakuna mtoto aliyepita kwake mikono mitupu. Watu wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Mama akanishika mkono akaubana, na sote wawili tukanyamaza, kwa sababu bibi yangu hakuwa anagawa karanga. Alikuwa anaomba asiuawe.